Taja anaita rangi, kisanduku kinahesabu maneno

Saa tatu asubuhi, theluji ya usiku bado imekalia mapaa ya Zadibal, mjini Srinagar. Ndani ya karakana ya mazulia ya Faizan Naqash watu saba wanafanya kazi ambayo hakuna mfumaji anayeipenda. Wanafumua.

Sita wameketi bega kwa bega kwenye benchi, mbele ya zulia lililosimama kwenye mtambo, kila mmoja na wembe wake, wanachomoa fundo baada ya fundo. Wa saba ni Taja Bano, mwanamke wa miaka hamsini na tatu, ambaye siku za kawaida hagusi wembe. Kazi yake ni kuketi kwenye kiti kifupi pembeni, kushika karatasi ya mchoro na kuita rangi kwa sauti. Leo hana cha kuita.

Hakuna anayezungumza. Kinachosikika ni nyuzi zinavyokatika, na makaa yanavyopasuka ndani ya vijungu ambavyo kila mtu amekificha chake chini ya pheran yake, joho la sufi la majira haya. Ukutani, juu ya vichwa vyao, kisanduku cheupe chenye taa ya kijani kinawasikiliza.

Anapoulizwa na mwandishi swali la kwanza, Taja anaweka kidole mdomoni na kuonyesha mlango kwa macho. Mpaka afike kichochoroni, hatua kadhaa mbali na dirisha, ndipo anapofungua kinywa, na akishakifungua hakifungi tena.

"Keshokutwa Ijumaa, baada ya sala, Faizan anakuja kuamua kama mimi nabaki au naondoka," anasema. "Miaka kumi na tisa nimekaa kile kiti. Wakinitoa pale nitakwenda kumwitia nani rangi? Kuku?"

Anacheka, kisha anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Taja alipandishwa kwenye benchi la ufumaji akiwa na miaka minane, pembeni mwa baba yake, kwenye mtambo uliokuwa darini kwao. Vidole vyake vilifuma mpaka baridi na ugonjwa wa viungo vikavipinda. Alipodhani mkate wake umekatika, baba yake Faizan, marehemu sasa, alimsikia akimwimbia mwanawe jikoni. Akamwambia atoke kwenye benchi, akae kitini.

Kuita rangi ni nusu kusoma na nusu kuimba. Karatasi ndefu na nyembamba, wenyewe wanaiita talim, ina alama za rangi na idadi ya mafundo. Taja anaita, "Samawati tatu, pembe moja, ongeza nyekundu mbili!" Pembe ni nyeupe ya pembe za ndovu. Wafumaji wanafunga, wanajibu kwa pamoja, "Imefungwa!" Ndivyo zulia linavyopanda, mstari kwa mstari, miezi na miezi.

Lakini zamani haikuwa hivyo tu. Karakana ilikuwa soko. Karatasi ikiisha, Taja alitangaza namba yake, na wafumaji walipiga kelele kutaja inayofuata, huku yeye akiikunjua. Katikati ya hapo ziliingia habari zote za mtaa: nani kaposwa, mkaa umepanda kiasi gani, mkwe wa nani kapika mboga bila chumvi. Na mfumaji yeyote ambaye mkono wake ulisita alikuwa na neno lake moja: "Rudia!"

Aliyelipenda neno hilo kuliko wote ni Mahtaba, anayekaa kiti cha kwanza kwenye benchi. Ni mjane wa rika la Taja, mwembamba, mwenye ulimi usio na likizo.

"We Taja, unasoma au umelala?" ndivyo alivyokuwa akimwambia. "Hiyo rangi umeitoa kwenye karatasi au kwenye ndoto?"

"Alinikera, Mungu anisamehe," Taja anakiri. "Kila siku nilimwombea mafua, apoteze sauti walau wiki moja nipumzike."

Basi akapumzika, na si wiki moja.

Kisanduku kilifungwa ukutani mwanzoni mwa vuli, miti ya chinar ikiwa imeanza kugeuka rangi. Fundi aliyekileta alimweka Taja aseme kila rangi mara kadhaa, ili kiijue sauti yake. Halafu wafumaji wakasema "Imefungwa" mpaka wakachoka. Maneno hayo kinayaruhusu, na sauti ya Faizan mwenyewe hakiihesabu. Lingine lolote ni neno la kando, na kwa kila neno la kando kinalia "ti!" na kupeleka hesabu kwenye simu ya Faizan.

Kila "ti" inawakata wafumaji wote na msomaji wao rupia kumi kila mmoja. Hakichagui nani kasema. Kwa mtu anayelipwa rupia 350 kwa siku, umbeya wa robo saa unaweza kumlia mshahara wote.

Faizan Naqash si kijana mbaya, na hata Taja hasemi ni mbaya. Amembeba huyo akiwa na meno mawili. "Mazulia mawili yalichelewa mwaka jana, na mnunuzi akanishushia bei," Faizan anajitetea. "Mnunuzi haniulizi habari za mkwe wa mtu. Anauliza zulia liko wapi. Mimi sikuwakataza kusema wakiwa nje."

Nje, siku hizi za chillai kalan, zile arobaini za baridi kali kuliko zote, bomba linaganda na jua linatua kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai ya chumvi. Nani atasimama kichochoroni kupiga soga? Kazi ikiisha kila mtu anakumbatia kijungu chake na kukimbilia kwake.

Mwanzoni wafumaji walinong'ona. Kisanduku kikasikia. Wakahamia kwenye macho na nyusi, wakagonga vitana vyao vya chuma kuitana, mpaka hesabu ya wiki ilipotoka na kila mtu akaanza kumtazama mwenzake kama mwizi. Altaf, baba wa watoto wanne, siku moja alimfinya jirani yake kwa sababu alipiga chafya kwa sauti.

Hapo ndipo mtu anapopata hasira. Bosi hakuhitaji tena kuwanyamazisha. Walinyamazishana wenyewe, na kwa ukali kuliko yeye.

Walibakiwa na raha moja, umeme kukatika. Taa ya kijani ikizimika, karakana nzima ililipuka. Watu sita walizungumza kwa mpigo, hakuna aliyemsikiliza mwenzake, na Mahtaba alimimina matusi ya siku tatu bila kupumua. Ilikuwa sherehe. Mtaa mzima ulikuwa ukilaani giza, wao wakiliombea likawie.

Faizan akanunua betri.

"Siku ile umeme ulikatika, tukageuka wote kutazama ukutani," Taja anasimulia. "Taa ikabaki kijani. Mahtaba alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. Nikamwonea huruma, mimi, niliyekuwa namwombea mafua!"

Baada ya hapo ukimya ukawa wa kweli. Rifat, binti anayekaa mwisho wa benchi, ana ujauzito wa miezi mitano. Taja alizijua habari hizo kwa muuza mikate.

"Msichana ninayemtazama mgongo kutwa nzima, habari zake naletewa na muuza mikate!" anasema, na sauti inampanda. "Nikakumbuka siku alizokuwa akiegemea mtambo, kijasho kinamtoka. Mimi namwitia tu, nyekundu mbili, pembe moja. Yeye ananijibu tu, imefungwa. Sisi ni watu kweli?"

Kosa wanalolifumua leo lilitokea katikati ya baridi hiyo. Zulia ni la mlozi uliochanua, limeagizwa kwa ajili ya harusi. Taja alimaliza karatasi ya kumi na nne. Zamani angetangaza namba, benchi lingejibu "Kumi na tano!" na mkono wake ungeitafuta hiyo. Sasa kutangaza ni neno la kando. Akaikunja kimya kimya, vidole vimekufa ganzi, akachukua inayofuata. Karatasi mbili zilikuwa zimeshikana. Aliyoifungua ilikuwa ya kumi na sita.

Akaita. Wakafunga. Wakajibu. Tawi la mlozi lilikatikia hewani, na juu yake maua yakaanza kuota bila kushikwa na kitu.

Iliendelea hivyo mpaka mwisho wa wiki. Na ilikuwa wiki nzuri kuliko zote! Kisanduku hakikulia hata mara moja. Faizan alifurahi, akaleta boksi la peremende, akawapa mkono mmoja mmoja, akasema hii ndiyo karakana aliyokuwa akiitaka. Walikula peremende zake mbele ya lile zulia lililoharibika.

Jumatatu Taja alisimama kunyoosha mgongo, akarudi nyuma mpaka ukutani, akatazama juu. Akayaona maua yanaelea bila tawi.

"Nikasema kwa sauti, mliona?" anakumbuka. "Kisanduku kikalia, ti! Nikasema tena, jamani, mliona? Ti! Hakuna aliyegeuka. Migongo sita. Basi nikajua. Mfumaji wa miaka ishirini kazini atafungaje ua lisilo na tawi asijue? Waliona wote. Waliona, wakaniacha nikaenda zangu shimoni, naimba."

Usiwacheke, wewe unayesoma haya, wala usiwalaumu haraka. Jiweke kwenye benchi lile, na watoto wanne, na neno lako likimkata kila mtu chumbani.

Ijumaa imefika. Sala imekwisha, na Faizan anaingia akipangusa theluji kwenye viatu, simu mkononi. Kufumua kumeishia jana jioni, zulia limerudi pale lilipovunjika. Wafumaji wamesimama mbele ya benchi. Taja amesimama peke yake karibu na kiti, mikono ndani ya pheran.

"Shangazi Taja," Faizan anaanza kwa upole, na upole wake unatisha kuliko kelele. "Wiki mbili za kazi zimekwenda na maji, ya kufuma na ya kufumua. Harusi ya watu hainisubiri. Kama ni wewe peke yako uliyekosea, sina jinsi, nitatafuta msomaji mwingine. Kama kuna aliyeona akanyamaza, nataka kumjua, maana huyo ameniibia. Kuna aliyeona?"

Taja hangoji. "Hakuna aliyeona, mwanangu. Karatasi zilishikana mkononi mwangu. Kosa ni langu." Kisanduku kinalia, hakitazami.

"Nawauliza wao."

Altaf anatazama vidole vyake. Rifat analia bila sauti, kama walivyozoea kufanya kila kitu humu ndani. Taa ya kijani inawaka.

"Niliona," anasema Mahtaba.

Ti!

"Mahtaba, nyamaza," Taja anamwambia.

Ti!

"Nimenyamaza tangu vuli, inatosha!" Mahtaba anapiga hatua moja mbele. "Niliona tangu mstari wa kwanza. Neno lilifika hapa," anagusa koo. "Nikakumbuka mara ya mwisho niliposema rudia. Tulikatwa wote, na Altaf hakunisalimia siku mbili. Nikalimeza. Kesho yake nikalimeza tena. Ulitaka kimya, Faizan. Umekipata. Kiko pale kwenye zulia, nenda ukakipime kwa rula!"

Kisanduku kinalia mfululizo sasa, ti, ti, ti, kinajaribu kumhesabu na kinashindwa kumfuata. Faizan anabonyeza simu kukizima, hakizimiki. Uso umemwiva.

"Kwa hiyo ulijua, ukaniacha niharibikiwe?"

"Nilikuacha na mlinzi wako. Si ndiye unayemsikiliza?"

Kijana huyo anapumua kwa nguvu. Kwa muda anaonekana kama atacheka, au atalia, au atakitupa kile kisanduku dirishani. Hafanyi lolote kati ya hayo.

"Shangazi Taja amepitiwa, binadamu hupitiwa," anasema hatimaye. "Wewe ulijua. Chukua vitu vyako, Mahtaba. Shangazi, rudi kitini. Ya kumi na tano hiyo hapo."

Kiti alichokiombea usiku na mchana kimebaki kuwa chake. Taja anakiri baadaye kwamba kitu cha kwanza kilichomjia kifuani kilikuwa furaha, na kwamba aliionea aibu furaha hiyo hata kabla haijamaliza kuingia.

Mahtaba anafunga mtandio, anaokota kijungu chake na kitana chake, anamtazama Taja mara moja. Hata tusi la kuagana hatoi. Mlango unafungwa.

Taja anakaa. Anafungua karatasi ya kumi na tano. Wafumaji watano wamejisogeza kwenye benchi kuziba pengo.

"Kahawia mbili, pembe moja!" anaita.

"Imefungwa!"

"Kahawia tatu, ongeza kijani moja!"

"Imefungwa!"

Faizan anatikisa kichwa kuridhika, anaelekea ngazini. Taja anaitazama migongo mitano. Halafu anafanya jambo ambalo katika miaka kumi na tisa hajawahi kulifanya. Anaiacha karatasi, anaita kitu kisichomo humo, kitu ambacho hata mtoto wa jirani angekipigia kelele.

"Samawati kumi!"

Samawati kumi, katikati ya shina la mlozi. Mikono ya Altaf inasita. Rifat anageuza shingo nusu, anaitazama taa ya kijani, anairudisha. Vidole vinachukua uzi wa samawati.

"Imefungwa," wanajibu.

Taja anaikunja karatasi. Anaiweka juu ya kiti, taratibu.

"Fumueni hizo kumi, wanangu," anasema. Kisanduku kinalia, na yeye hakigeukii. "Nilikuwa nawajaribu. Faizan, baba, tafuta msomaji mwingine. Au mchukue huyo wa ukutani, labda anajua kusoma."

"Shangazi, umesamehewa!" Faizan anashangaa kutoka mlangoni.

"Najua. Lakini nikikosea tena humu, nani ataniambia?"

Anavaa viatu, anashuka.

Si uamuzi wa kuimbiwa nyimbo. Mwanawe Yawar, dereva wa bajaji, alipopata habari jioni alishika kichwa. "Mama, baridi hii, umeacha kazi kwa ajili ya Mahtaba? Si wewe uliyesema ulimi wake unakukata maini?" Mshahara wa Taja ndio uliokuwa ukinunua mchele wa nyumba. Kwa sasa wanakula wa akiba, na mboga za haakh zilizokaushwa kiangazi.

Mpango wake upo darini. Mtambo wa baba yake bado umesimama huko, umejaa vumbi na viota vya shomoro, nguzo moja imeliwa na mchwa. Yawar amenung'unika siku nzima, kisha akapanda na msumeno kuitengeneza. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Nowhatta ameahidi kuwapa sufi na mchoro wa zulia dogo la kuswalia. Likitoka zuri atawapa lingine. Likitoka baya, mzee huyo amesema wazi, wasimrudie.

Kwa hiyo Taja amevuka kichochoro kwenda kumtafuta mfumaji. Mahtaba anamfungulia mlango, bila hata kumkaribisha.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuajiri."

"Kwa pesa zipi, we mwanamke? Hata kijungu chako kimezimika, nakuona unavyotetemeka." Anamvuta ndani kwa mkono, anamsukumia kikombe cha chai na mkate, anakaa kumkazia macho. "Na tusikilizane mapema. Darini kwenu sitakuonea haya. Ukikosea rangi moja, moja tu, nitapiga kelele mpaka majirani wafungue madirisha."

Taja anazungusha mikono yake iliyopinda kwenye kikombe cha moto.

"Hiyo ndiyo kazi ninayokupa," anasema.